Mtu Aliyejitolea Kuwa Samaki Muthurwa

Kwa muda mrefu nimekana kwamba nilikutana na mtu yule. Watu wakiniuliza ufito wa kuvulia samaki wa kaka yangu ulitoka wapi, nawaambia niliununua dukani, katikati ya jiji, risiti ikapotea. Nimemwambia hivyo kaka mwenyewe, nikamwambia rafiki yake Juma, na mara moja nilimwambia daktari wa meno ambaye hakuwa ameniuliza.

Leo nakiri. Nilikutana naye sokoni Muthurwa, katikati ya makoti ya mitumba, jioni moja ya manyunyu mwezi wa Julai, na nilimvuta kwa kamba. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Mimi ni mwanamke wa makamo, nimesoma chuo kikuu, na nimeandika makala zaidi ya moja za kuwakejeli watu wanaoona majini kwenye vyoo vya shule. Kwa hiyo elewa kwamba kisa hiki sikusimulii kwa kujivunia. Nakusimulia kwa sababu kilitokea, na kwa sababu mpaka leo kuna maswali ninayojiuliza nikiwa naosha vyombo.

Nianze na kaka yangu. Anaitwa Wafula, mstaafu wa reli, anaishi Jericho. Tangu aache kazi amepatwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuvua samaki. Jirani yake Juma, mtu mwenye asili ya Lamu aliyezaliwa Pumwani, ndiye aliyemwambukiza. Kila wakipata nafasi hao wawili huenda ziwa Naivasha kumtafuta samaki aitwaye bass.

Kama hujawahi kukutana na bass, ni samaki aliyeletwa kutoka ng'ambo zamani, akaona Naivasha panamfaa, akakaa. Maji ya wazi hayapendi. Hukaa chini ya mafunjo, katikati ya magugu maji, kwenye visiki vya miti iliyozama, akingoja kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango ili akushtue. Akishanaswa, anarudi mbio huko huko alikotoka. Akifaulu kuingia atauzungusha mshipi wako kwenye mashina mpaka usijue mwanzo wala mwisho, na wewe uliyebaki nje unakuwa na njia mbili: kuukata mshipi au kumfuata.

Wafula alikuwa anamfuata.

Marehemu baba, aliyetulea kando ya mto Nzoia, alimfundisha kwamba samaki mwenye ndoana yako mdomoni ni wajibu wako. Kukata mshipi na kumwacha afe polepole na chuma mdomoni ni unyama. Mimi sikufundishwa hayo. Nilikuwa msichana, nilifundishwa kuparua magamba. Lakini Wafula aliyashika, na uzee haukumpunguzia kitu. Tatizo ni kwamba mafunjo ya Naivasha yana viboko.

Wiki moja, Juma alikuja kwangu Buruburu bila kupiga simu. Akakaa, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Dada'ngu," akasema, "nimekuja kumsemea nduguyo. Juzi kaingia majini mpaka kifuani. Kifuani, wallahi! Kiboko kaibuka, karibu tu, kama kutoka hapa hadi kwa jirani yako yule mwenye mbwa. Unajua Wafula kafanya nini? Kageuka, kamwambia kiboko, 'Ngoja kidogo, namalizia.'"

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi? Nilisoma dua zote ninazozijua, kisha nikaanza na zile nisizozijua."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Mara ya pili hatatoka. Nakwambia mapema usije ukaniuliza kwa nini nilinyamaza. Na shida yenyewe ni ufito. Ule wake ni mwembamba, wa samaki wadogo wa maji ya wazi. Bass akivuta unapinda wote, naye anajiendea nyumbani. Mpe ufito wa kumzuia kabla hajaingia. Asipoingia samaki, nduguyo naye haingii."

"Mnunulie wewe, Juma."

"Kwangu hapokei. Atasema namdharau. Lakini wewe mdogo wake ukimpa zawadi ataikataaje? Na Jumamosi tunakwenda tena."

Basi ndivyo maisha ya kaka yangu yalivyowekwa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kuvua samaki, na hata kuanua nguo kwenye kamba hawezi bila kuangusha kibanio.

Nilifanya kile ninachojua kufanya: nilisoma. Nilijifungia na kompyuta nikatazama wanaume wa nchi za mbali, wenye kofia, wakibishana juu ya fito. Nilijifunza kwamba penye magugu mazito ufito uwe mrefu kuliko mvuvi, na mshipi uwe mnene, wa kusokotwa, usiovutika. Nilijifunza pia kwamba kila mmoja wao anamwona mwenzake mjinga. Nilipomaliza ningeweza kutoa mhadhara juu ya ufito, ila sikuwa nimeshika hata mmoja.

Dukani mjini nilienda kweli. Sehemu hiyo ya uongo wangu ni ya kweli. Nilikuta fito mbili, zote nyembamba kama mijeledi. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyenielekeza Muthurwa, kwamba fito za mitumba huja ndani ya marobota ya vifaa vya michezo na mara nyingine huwa nzuri kuliko mpya.

Nilifika Muthurwa yapata saa kumi na moja. Baridi ilikuwa ile ya Julai inayoingia kwenye magoti, manyunyu yanagonga mabati, na umeme umepotea. Sehemu ya mitumba ilikuwa na mwanga wa kijivu tu. Nikauliza huku na kule mpaka nikafika kwa mwanamke anayeitwa Mama Kevo, ambaye kibanda chake kilikuwa makoti matupu. Makoti marefu, mazito, ya watu wa nchi zenye theluji, yametundikwa safu nyuma ya safu mpaka karibu na sakafu.

"Karibu madam, karibu kastoma wangu! Koti la baridi? La ofisi? La kwenda kuzika?"

"Natafuta ufito wa kuvulia samaki."

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe? Madam, samaki wako hapo kwa kona, wamekaangwa tayari. Kwa nini ujisumbue?"

"Ni zawadi."

"Ya mzee wako?"

"Ya mtu."

"Sawa. Ya mtu." Akainama chini ya meza, akaibuka na mzigo wa fito zilizofungwa pamoja na vijiti vya watu wa kuteleza kwenye theluji. "Hizi ni kamera, chaguo la kwanza la robota. Juzi nimemuuzia jamaa ufito mmoja wa kushikilia antena. Mpaka leo hajarudi kulalamika."

"Na angerudi?"

"Angerudi ningemwambia simjui." Akacheka. "Hapa kwangu jaribu kabla hujalipa. Koti unavaa hapa, kiatu unatembea hapa. Ukishavuka ule mtaro, mimi na wewe hatujawahi kuonana."

Yeyote aliyewahi kununua mitumba anaijua sheria hiyo. Lakini hebu niambie, ufito unaujaribuje sokoni? Niliuliza hivyo hivyo.

"Hayo ni yako na samaki wako," Mama Kevo akasema.

"Nitakuwa samaki mimi," akasema mtu nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mwanamume wa umri wangu, au labda hakuwa na umri, maana sikuweza kuukisia. Alivaa jaketi la michezo la kijani lililochakaa, lenye mstari mweusi uliokwenda kutoka begani hadi kiunoni. Mdomo wake ulikuwa mpana kupita kiasi, taya la chini limetangulia mbele kidogo. Macho yake yalinitazama vizuri tu, kwa adabu. Ni baadaye nilipotambua kwamba katika muda wote ule hakupepesa. Unaniamini? Hata usiponiamini, endelea kusikiliza.

"Haya, samaki amepatikana!" Mama Kevo akapiga makofi. "Soko hili halikosi kitu."

Akakata kipande kirefu cha kamba ya manjano ya kufungia marobota, akaipitisha kwenye pete za ufito wa kwanza na kuifunga kwenye mshikio. Ncha ya pili akampa yule mtu. Nilidhani ataishika mkononi. Aliiweka kwenye pembe ya mdomo, akauma, akaniangalia kama fundi cherehani mwenye pini midomoni. Kisha akarudi kinyumenyume, akaingia kati ya makoti, makoti yakamfunika.

Mama Kevo alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Mimi pia nilikuwa natabasamu. Nilijiona kituko, mwanamke mzima na mkoba wake wa ofisini, nimesimama na ufito mbele ya makoti.

Akavuta.

Siwezi kukueleza vizuri. Umewahi kushika kamba ya ndama anapomwona mama yake? Zaidi ya hapo. Ufito ulikuwa mzuri, mwekundu, mwembamba, na ulipinda wote kuanzia ncha hadi kiganjani, ukitetemeka. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na nguvu zote zikaishia kwenye kule kupinda. Upande wa pili hazikufika. Kamba ikateleza kushoto, ikazunguka kitu, pengine nguzo, ikakwama. Nikabaki navuta soko zima.

"Nimeshafika," sauti yake ikasema.

Sauti ilitoka mbali. Sijui nikwambieje. Kibanda cha Mama Kevo unaweza kukivuka kwa hatua chache, lakini sauti ilikuja kama ya mtu aliye ng'ambo ya uwanja.

"Hapa ndipo kaka yako angeingia," ikaendelea.

Nikamgeukia Mama Kevo. "Umemwambia ni ya kaka yangu?"

"Nimwambie saa ngapi? Wewe si ulisema ya mtu?"

Kabla sijajibu, yule bwana alikuwa amesimama tena nyuma yangu, upande wa njia. Hakupita mbele yangu, naapa. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Akili yangu iliyosomeshwa kwa gharama kubwa ikatoa maelezo papo hapo: ametokea nyuma ya kibanda, amepita mvuani, na kuhusu kaka amebahatisha. Nani haendi Muthurwa kununulia ndugu kitu? Nilifurahi sana na maelezo hayo. Nikachukua ufito wa pili.

Huu ulikuwa mfupi, mnene, mgumu kama mpini wa jembe. Nikauona ndio wenyewe. Akauma kamba, akaingia, akavuta mara moja kwa mshtuko, na kamba ikaruka nje tupu, ikanichapa shavuni.

Akatoka amejishika mdomo. "Mgumu kila mahali," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anasahihisha. "Huu unanichania, natoroka na jeraha. Ncha inipe nafasi, shina linikatalie."

"Sasa nitaupata wapi wa namna hiyo?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Ule."

Nilitazama juu. Mama Kevo alikuwa amelaza ufito mmoja mweusi kati ya nguzo mbili na kuufanya mwamba wa kutundikia makoti ya watoto. Makoti yalikuwa yamerundikana upande wa ncha, na ncha ilikuwa imeinama taratibu. Lakini kutoka katikati hadi kwenye mshikio, ufito ulikuwa umenyooka, haukuwa na habari kama umebeba mzigo. Yale niliyoyasoma yote yalikuwa yananing'inia juu ya kichwa changu, na nilikuwa nimepita chini yake mara mbili.

"Huo hauuzwi," Mama Kevo akasema. "Huo ndio umeshika biashara. Niliwahi kuweka ufagio, ukavunjika. Nikaweka bomba, likapinda. Huo hapana."

Yule mtu akamtazama tu. Na Mama Kevo, ambaye tangu nifike hakuwa amenyamaza, akaanza kushusha makoti ya watoto moja moja bila neno.

Ufito wenyewe ulinizidi urefu. Ulikuwa mzito mkononi lakini ulitulia. Mama Kevo akafunga kamba, na vidole vyake sasa havikuwa na mchezo. Yule mtu akauma ncha. Safari hii, kabla ya kuingia, alinisemesha na kamba mdomoni.

"Usiningoje," akasema. "Ukiona nimegeuza kichwa, umechelewa."

Akaingia, nami nikavuta hapo hapo.

Makoti ya safu ya kwanza yakayumba, ya pili yakayumba, na ya tatu. Halafu yakaendelea kuyumba, safu nyuma ya safu, mbali kuliko kibanda chochote kinavyoweza kwenda. Nikasikia harufu. Tope, majani mabichi, ubaridi wa asubuhi. Muthurwa ina harufu nyingi, lakini hiyo haimo. Chini ya mlio wa mvua juu ya mabati kulikuwa na sauti nyingine ya maji, maji yanayogonga kitu laini.

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini unajua nilichokuwa nawaza? Nilimwona Wafula amezama hadi kifuani, anamwambia kiboko angoje. Nikawaza, asipoingia huyu, Wafula haingii. Nikarudi nyuma hatua moja. Ncha ikaenda naye kushoto, ikaenda naye kulia, ikampa nafasi. Shina likakataa. Nguvu zangu zilikuwa zinafika sasa, nilizisikia zikifika. Nikarudi nyuma tena, visigino vikagusa ukingo wa mtaro, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ambao kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kuwa nao.

Makoti yakafunguka, akatoka.

Alitoka ameinama, kichwa kikitangulia, amelowa mpaka mabegani. Maji yalimtiririka yakatapakaa kwenye saruji iliyokuwa kavu. Kwenye kola yake kulikuwa na uzi mmoja wa kijani wa mafunjo. Akatoa kamba mdomoni kwa vidole viwili, akapumua kwa muda.

"Umenipata," akasema, kama mtu aliyefungwa kwenye mchezo wa drafti na hana kinyongo.

Nami nikauliza swali ambalo sikujua nimelifikiria. "Kwa nini unanisaidia? Huu ufito si wa kukukamata wewe?"

Alilifikiria. Alionekana kuliona swali la haki.

"Nimechoka kufuatwa nyumbani," akasema. "Akinivuta nje, tutamalizana nje, mimi na yeye. Akinifuata ndani, ndani kuna wenyewe, na hawataki kujua nani alianza."

Akanipa mkono. Ulikuwa baridi, na laini kwa namna ambayo mkono hauwi laini. Kisha akageuka, akatenganisha makoti mawili kama mtu anayeingia chumbani kwake, yakafunga nyuma yake.

Mama Kevo, mwanamke jasiri kuliko mimi, akachukua ufagio na kuyasukuma makoti pembeni. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma ya ya tatu kulikuwa na ukuta wa mabati, umepigwa misumari, kavu. Hata paka asingepita.

"Madam," akasema polepole, "yule si ni mtu wako?"

"Mimi nilidhani ni wako."

Akatazama maji sakafuni. "Lipa uende. Na kesho ukihitaji koti, nenda Gikomba."

Siku iliyofuata nilimpelekea Wafula zawadi yake. Aliinua ufito, akautingisha, akaufungia gurudumu lake la zamani la kukunjia, lenye mshipi mpya mnene ambao Juma alikuwa amemletea akisingizia ameuokota.

"Profesa!" Ananiita hivyo kunitania, sijawahi kuwa profesa. "Huu ni wa kuvulia au wa kusimamisha hema?"

"Akishika tu, vuta. Usimpe nafasi ya kugeuza kichwa."

"Weee! Nani kakufundisha wewe?"

"Nimesoma," nikasema. Na alipouliza ulitoka duka gani, nikamtajia mtaa wa mjini.

Ningemwambia nini? Jiweke mahali pangu. Ningemwambia ni nani aliyenichagulia?

Jumamosi yenyewe naiacha kidogo, kwa sababu nataka kwanza ujue mambo yalivyobaki. Nilimtafuta bass kwenye mtandao, picha yake, kitu ambacho katika kusoma kwangu kote juu ya fito sikuwa nimekumbuka kufanya. Mgongo wa kijani. Mstari mweusi ubavuni, kutoka kichwani hadi mkiani. Mdomo unaopita jicho. Nilifunga kompyuta nikaenda kusimama nje kwenye jua.

Tangu siku hiyo samaki mzima, mwenye uso, simli. Kwenye matanga ya kwetu, ambako samaki ni heshima, shangazi zangu wananong'ona kwamba nimejiunga na dini mpya. Sokoni siingizi mkono kati ya makoti yaliyotundikwa kabla ya kusema hodi. Binti wa jirani aliniona nikifanya hivyo Eastleigh, akanionea huruma. Na Mama Kevo? Nilimrudia, miezi ilipopita. Alikuwa ameacha makoti, anauza sufuria. Akaniona, akaniambia hanijui, kama sheria yake inavyosema. Lakini alinikonyeza.

Kwa hiyo wewe unayesoma, chukua haya. Ukimnunulia ndugu yako ufito wa kuvua penye magugu mazito, usidanganyike na rangi wala wepesi. Pinda ncha, kisha uone mpindo unaishia wapi. Ukikufika mkononi, urudishe. Uujaribu mchana, penye watu, na kamba ishikwe na mtu unayemjua kwao. Akitokea mwingine akajitolea kuwa samaki, tazama suruali yake kabla hujampa kamba. Ukishampa lakini, basi usilegeze. Usimwache aingie. Hujui huko ndani ni nani wako atakayemfuata.

Sasa Jumamosi. Nilikuwa nyumbani nikijifanya nakunja nguo. Nilikunja shuka, nikaikunjua, nikaikunja. Kabla ya adhuhuri simu ikaita, na jina lilikuwa la Juma.

Juma hanipigii simu. Juma hutuma ujumbe mfupi au huja mwenyewe kunywa chai anayoikataa. Nilikaa chini sakafuni kabla ya kupokea, ili nisianguke.

"Dada'ngu," akasema. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Uko peke yako?"

Unajua watu wanauliza swali hilo lini. "Juma, sema. Wafula yuko wapi?"

"Yuko hapa! Hajambo, hajambo, usilie. Kachutama ukingoni, viatu vikavu. Kampata mmoja, dada'ngu, mkubwa sijapata kuona. Kachomoka mbio kuelekea mafunjoni, nduguyo kaegemea ufito, kamkatalia. Wallahi kamkatalia! Kamgeuza kabla hajafika. Na pale pale alipokuwa akienda kuingia, mafunjo yakapasuka, katoka kiboko jike na mtoto wake. Pale pale. Angekuwa Wafula yumo…"

Nililia, akaniacha nilie. Kisha nikasema, "Mpe simu."

"Hawezi kushika, mikono yake imejaa. Namwekea sikioni."

Nikasikia pumzi za kaka yangu. Hakuniita Profesa. Aliniita kwa jina langu, lile la nyumbani, ambalo sijamsikia akilitamka tangu tumzike mama.

"Uko hapo?"

"Niko."

"Ninaye hapa majini. Nimemtoa ndoana." Wafula hajawahi kurudisha samaki maishani mwake, nami nikafungua mdomo kumsihi, lakini akaendelea. "Nimemwachia. Nimefungua mikono kabisa. Hataki kwenda."

"Hataki?"

"Amekaa tu kwenye viganja vyangu. Anasema…" Nikamsikia akigeuka. "Juma, wewe umesikia, sivyo?"

"Nimesikia," Juma akasema, kwa sauti ndogo.

"Anasema nikusalimie," kaka yangu akaniambia. "Anangoja jibu. Nimwambie nini?"

Nilitazama shuka mapajani mwangu. Nilifuta pua.

"Mwambie zimefika."

Nikamsikia Wafula, mtu aliyezeeka akipigia kelele injini za treni, akirudia maneno hayo taratibu, kwa heshima zote. Kisha maji yakapiga mara moja.